Softiboli ya vyuo Marekani: miezi mitatu ya jasho ili kucheza nyumbani

Hakuna msichana aliyecheza kabumbu huko Mumosho asiyejua tofauti ya kucheza nyumbani na kucheza ugenini. Nyumbani unajua mahali ambapo mpira unadunda vibaya, unajua upande ambao jua linakupiga machoni saa kumi ya mchana, na unaitambua sauti ya mama anayekuita kwa jina nyuma ya goli. Ugenini umeamka giza bado lipo, umepanda milima kwa miguu ao kwa pikipiki, na unapofika watu wote wako upande mwingine. Mashabiki wa Bukavu Dawa na wa Muungano wanalijua jambo hilo tangu zamani kwenye uwanja wa Concorde, Kadutu.

Marekani kuna mabinti wa vyuo vikuu ambao kila mwaka, tangu mwezi wa pili hadi katikati ya mwezi wa tano, wanacheza wakiwaza kitu hicho hicho: je, mechi za mwisho wa msimu zitafanyika kwetu? Mchezo wao ni softiboli. Kwetu haujulikani sana, lakini kule viwanja vinajaa na mechi zinaonyeshwa kwenye televisheni ya taifa. Katika mchezo huo, kupewa haki ya kupokea wageni ni jambo ambalo timu inalipigania karibu sawa na kombe lenyewe.

Kwa asiyeujua, softiboli ni ndugu ya besiboli. Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji anasimama mita 13 mbele ya mpigaji na kurusha mpira kwa mkono unaotoka chini, kando ya paja, kama mtu anayetupa jiwe mtoni. Usidanganyike na mkono huo wa chini. Mpira wa mrushaji mzuri unakwenda zaidi ya kilometa 100 kwa saa, na mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua. Akiupiga, anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anarudi pale alipoanzia. Akifika salama, timu yake inapata pointi. Vituo vinaachana mita 18 hivi. Mechi ina zamu saba.

Msimu wa kawaida unapoisha, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, NCAA, linachagua timu 64. Halmashauri inazipanga timu 16 zilizo bora kwa namba, kuanzia 1 hadi 16, na kila moja kati ya hizo inapokea wageni watatu kwake. Wanne hao wanacheza kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Ukifungwa mara moja bado unaishi. Ukifungwa mara mbili, unafunga mizigo. Kila kundi linabakiza timu moja. Timu 16 zinazobaki zinakutana mbili mbili, anayeshinda mechi mbili kati ya tatu anasonga, na hapo tena yule mwenye namba ya juu ndiye anakuwa mwenyeji. Wanane wa mwisho ndio wanaokwenda Oklahoma City, mji ambao umepokea fainali hizo karibu kila mwaka tangu 1990.

Kwa hiyo timu yenye namba kati ya 1 na 8, ikiendelea kushinda, inaweza kufika kwenye mlango wa fainali bila kulala nje ya mji wake hata usiku mmoja. Timu iliyo nyuma ya namba 16 inasafiri karibu kila mara. Namba hizo zinatangazwa Jumapili moja ya mwezi wa tano, na mechi za kwanza zinaanza siku tano hivi baadaye.

Jumapili ya mwaka 2017 haijasahaulika huko Minneapolis, mji mkubwa wa jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani. Timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilikuwa imeshinda mechi 54 na kupoteza 3 tu. Makocha wa inchi nzima walikuwa wameiweka nafasi ya kwanza katika kura yao. Wachezaji walikaa pamoja mbele ya televisheni kusikiliza ni nani watakuja kwao. Zilitajwa timu 16 za kupokea wageni. Minnesota haikuwemo. Timu ambayo makocha waliiona kuwa ya kwanza haikupata hata nafasi ya kumi na sita, na ikapangwa kusafiri hadi Tuscaloosa, kwa Alabama, ambayo ndiyo ilipewa namba 16.

Sababu? Halmashauri haihesabu ushindi peke yake. Inatazama pia nguvu ya wale uliowashinda, na vyuo vingi vya kanda ya kaskazini ambavyo Minnesota ilikutana navyo wakati wa msimu havikuhesabiwa kuwa na nguvu. Ni hesabu inayoeleweka. Lakini kuna jambo ambalo hesabu hiyo haioni vizuri: baridi. Mwezi wa pili, msimu unapoanza, viwanja vya Minnesota viko chini ya theluji. Timu za kusini, kule Florida, Texas na Arizona, zinaanza msimu kwenye majani ya nyumbani. Wasichana wa Minnesota wanabeba mizigo kila mwisho wa juma, wanapanda ndege kwenda kucheza kwa wengine, na hawaoni uwanja wao vizuri mpaka mwezi wa tatu unapoelekea mwisho. Mtu anayeanza msimu ugenini wiki baada ya wiki ana haki ya kukasirika anapoambiwa amalize pia ugenini.

Huko Tuscaloosa walishinda mechi mbili na kupoteza mbili. Alabama ndiyo iliyosonga mbele. Msimu wa mechi 56 zilizoshinda ukaishia hapo, na baada ya muda mfupi kocha Jessica Allister akahamia chuo cha Stanford, California.

Kuna jambo la kushangaza katika kisa hicho. Minneapolis ni mmoja kati ya miji iliyoulea mchezo huo tangu utoto wake. Softiboli ilianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya nyumba, vijana wakitumia glavu ya ndondi kama mpira na mti wa ufagio kama gongo. Miaka minane baadaye, mwaka 1895, mzimamoto mmoja wa Minneapolis, Lewis Rober, aliutoa nje, akauchezesha kwenye kipande cha ardhi karibu na kituo chao ili wazimamoto wasikae bure wakingoja kengele. Alihitaji mchezo unaoenea mahali padogo. Ndiyo sababu mpaka leo uwanja wa softiboli ni mfupi kuliko wa besiboli.

Kazi ya kujitayarisha kuwa mwenyeji haianzi siku namba zinapotangazwa. Chuo kinachotaka kupokea wageni kinatuma ombi lake mapema, kikieleza uwanja wake, taa, viti, vyumba vya kubadilishia nguo na namna kitakavyobeba gharama. Hapo ndipo timu nyingine zinapokwama hata kabla ya mpira kurushwa. Kisha kuna udongo. Sehemu ya ndani ya uwanja wa softiboli haina majani; ni udongo mtupu, na udongo huo unataka kupewa maji, kusawazishwa na kushindiliwa kama mama anavyoshindilia sakafu ya nyumba ya udongo. Ukikauka sana, mpira unaruka na kumpiga mchezaji usoni. Ukilowa sana, mkimbiaji anateleza. Mvua ikikaribia, watu kumi ao zaidi wanakimbia na turubai kubwa, ile ambayo Bukavu tunaiita bâche, kufunika udongo kabla tone la kwanza halijaanguka. Mara nyingi wachezaji wenyewe wanashika pembe za turubai hilo, wageni na wenyeji pamoja.

Halafu kuna mambo ambayo hayapigwi picha. Timu tatu zinahitaji vitanda, chakula na saa sawa za kufanya mazoezi kwenye uwanja ule ule. Waamuzi wanahitaji chumba chao, mbali na makocha. Daktari awe tayari. Mwenyeji hana ruhusa ya kujipendelea katika hayo yote, kwa sababu siku hizo tatu uwanja unakuwa kama wa mashindano, siyo wa chuo. Kinachobaki kuwa chake ni watu waliokaa kwenye viti, kitanda chake mwenyewe usiku, na ile habari ndogo ya kujua mpira unadunda namna gani pembeni ya kituo cha tatu.

Minnesota ilisubiri miaka miwili. Mwaka 2019, ikiwa na kocha mwingine, Jamie Trachsel, jina lake lilitajwa: namba 7. Hiyo ilikuwa na maana kwamba kama wangeshinda kundi lao, hatua ya pili pia ingekuwa kwao, kwenye uwanja wao mdogo wa Jane Sage Cowles. Wakashinda kundi. Mwisho wa juma uliofuata ikaja LSU kutoka Louisiana, timu ya kusini yenye jina kubwa, safari hii ikiwa yenyewe ndiyo mgeni. Minnesota ilishinda mechi mbili mfululizo na kufika Oklahoma City kwa mara ya kwanza katika historia yake. Huko Oklahoma City haikushinda mechi hata moja. Lakini mtu akiuliza watu wa Minneapolis juu ya mwaka huo, wataanza na zile siku mbili za nyumbani.

Wapo wanaosema kwamba haki ya kupokea wageni inawasaidia matajiri kubaki matajiri. Wanasema kweli, kwa sehemu. Mwenyeji anashinda mara nyingi, anayeshinda anapata wachezaji wazuri zaidi, na wachezaji wazuri wanamletea tena namba ya juu. Siku hizi fedha zimeingia hadi mfukoni mwa mchezaji: mwaka 2024 mrushaji NiJaree Canady alitoka Stanford kwenda Texas Tech kwa mkataba uliozidi dolari milioni 1 kwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata timu yake ikafika fainali, ikafungwa na Texas.

Hata hivyo, yule anayeonekana leo kuwa tajiri kuliko wote alianza kwa kuokota takataka. Patty Gasso alipofika Chuo Kikuu cha Oklahoma, msimu wake wa kwanza ukiwa wa 1995, timu haikuwa na uwanja wake. Ilicheza Reaves Park, bustani ya watu wote katika mji wa Norman, ikiigawana na watu wazima wanaokuja kucheza jioni kwa kujifurahisha. Kabla ya mazoezi, kocha na wabinti wake walisafisha kwanza chupa na makopo yaliyoachwa jana yake. Hakuna aliyefikiria kuleta mashindano ya taifa mahali pale. Mwaka 1998 chuo kikawajengea uwanja, na miaka miwili tu baadaye, 2000, wakachukua kombe. Tangu hapo wamechukua mengine saba, manne ya mwisho yakiwa mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024.

Mwezi wa tatu 2024 wakahamia uwanja mpya, Love's Field, wenye viti 4,200, uliogharimu karibu dolari milioni 48. Siku ya tatu baada ya kuufungua, timu ya Louisiana ikawafunga hapo hapo 7-5 na kukata mfululizo wao wa ushindi wa mechi 71. Nyumba mpya haikuwalinda.

Yote hayo yasingekuwepo bila sheria. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria inayojulikana kama Title IX, inayokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuwabagua wanafunzi kwa sababu ya jinsia. Haikutaja michezo waziwazi, lakini kwa nguvu yake vyuo vililazimika kuwapa wasichana timu, makocha na viwanja. Mabinti walikuwa na mashindano yao ya softiboli ya vyuo tangu 1969. NCAA yenyewe ilianza kuwaandalia mwaka 1982, miaka kumi baada ya sheria.

Kwetu Congo habari ya kupokea wageni siyo ngeni. Mwaka 2019 jimbo la New Brunswick huko Canada liliachilia Michezo ya Francophonie kwa sababu gharama zilipanda, na Kinshasa ikaichukua. Ilipangwa 2021, ikasogezwa 2022, ikasogezwa tena 2023. Watu wengi walisema haitafanyika. Kunako mwezi wa saba 2023 ikafunguliwa, na viwanja vilivyojengwa ao kutengenezwa kwa ajili yake, pamoja na Tata Raphaël pale Ali na Foreman walipopigana mwaka 1974, vilibaki Kinshasa. Sisi wa mashariki tuliitazama kwa simu, mbali kabisa.

Jirani aliye karibu zaidi na mchezo huu ni Uganda, na kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mwaka 2011 watoto wa besiboli kutoka Kampala walishinda mashindano ya kanda huko Poland na kupata haki ya kwenda Marekani kwenye kombe la dunia la watoto, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Lakini hawakupewa viza. Karatasi za kuzaliwa na umri wa wachezaji wengine hazikupatana. Mzazi yeyote wa Kivu ambaye amewahi kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa wakati wa kukimbia vita anaelewa karatasi inavyoweza kumfungia mtoto mlango.

Timu ambayo ingecheza na Waganda mechi ya kwanza ilikuwa ya watoto wa Langley, Canada. Watu wa Canada hawakupenda mechi hiyo ife. Wakachanga fedha, na mwezi wa kwanza 2012 watoto hao wakapanda ndege wakaja Uganda. Waliokataliwa kuwa wageni wakawa wenyeji. Wakashinda 2-1. Mwaka huo huo timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, karatasi zake zikiwa sawa, ikafika Marekani kweli, na mwaka 2015 Uganda ikashinda huko mechi yake rasmi ya kwanza dhidi ya Jamhuri ya Dominika. Nyuma ya mafanikio hayo kulikuwa na viwanja: Mmarekani mmoja mstaafu, Richard Stanley, alikuwa amejenga viwanja na shule huko Mpigi, magharibi ya Kampala, watoto wakasoma na kucheza mahali pamoja.

Mumosho siyo Mpigi, wala siyo Norman. Ni inchi ya milima inayoshuka hadi mto Ruzizi, pale penye barrage ya Ruzizi II, na kila kipande kilicho sawa kina mihogo, maharagi ao migomba. Uwanja wa kabumbu unataka urefu wa mita 90 ao zaidi, na kupata mita 90 zilizo sawa kwenye mlima wa Bushi ni kazi ya kuchimba. Uwanja wa softiboli ya wasichana unafunguka kama feni: kutoka kwa mpigaji hadi ua wa mwisho ni mita 60 hivi. Sehemu inayohitaji kuwa sawa kabisa ni ile ya ndani, ya vituo vinne, mraba wa mita 18 kila upande, mdogo kuliko viwanja vya shule nyingi. Rober na wazimamoto wake walikuwa na shida hiyo hiyo ya nafasi.

Kinachokosekana ni vitu vingine. Glavu tisa, magongo, kofia za kumlinda mpigaji, na mdakaji mwenye barakoa, kwa sababu mpira unaokuja kwa kasi ile hauchezewi bila kinga. Inakosekana pia barabara ya kupitishia wageni. Tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 kunako mwezi wa pili 2025, kumuita mtu wa mbali aje kucheza ni jambo ambalo wazazi wanalifikiria mara mbili, iwe kabumbu ao mchezo mwingine wowote.

Softiboli yenyewe imezoea kufungiwa mlango. Iliingia Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, ikaondolewa baada ya Beijing 2008, ikarudi Tokyo, ikakosa Paris 2024. Itarudi mwaka 2028 katika michezo ya Los Angeles. Los Angeles haikujenga uwanja mpya kwa ajili yake. Mechi zitapelekwa Oklahoma City, zaidi ya kilometa 1,800 kutoka mji mwenyeji, kwa sababu uwanja unaofaa uko huko tayari, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka bustani ambayo Gasso na wabinti wake walikuwa wakiokota makopo.